Fundi Joto na Mashine ya Vifaranga

Jirani mmoja, mchomelea vyuma, aliutangazia mtaa mzima kwamba marehemu alikuwa akiunguza vifaa vya watu makusudi ili aitwe tena kutengeneza. Neno hilo lilimkosesha mzee raha, maana jina lake la ufundi ndilo alilokuwa nalo.

Marehemu, aliyejulikana zaidi kama Fundi Joto, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa nne wa mshona viatu. Alimaliza darasa la saba, akaingia chuo cha ufundi umeme. Wiki ya kwanza tu alitolewa darasani kwa kufungua redio mbovu ya mwalimu, akarudishwa redio ilipoanza kuongea.

Mwaka 1979 alimwoa fundi cherehani, aliyempenda, alivyosema mwenyewe, kwa sababu hakumwuliza hata siku moja, "Utamaliza saa ngapi?"

Alitunza hita za kiwanda cha maziwa hadi alipostaafu mwaka 2012. Kisha akamsaidia mkwewe, mke wa kitinda mimba wake, aliyeanzisha mradi wa mashine ya kutotolesha vifaranga. Hapo ndipo alipokutana na kazi iliyomtoa jasho. Kidhibiti joto, kile kisanduku kinachowasha na kuzima hita, kiliungua. Akafunga kipya, kikaungua. Cha tatu nacho kikaenda, na mayai yakaanza kupoa. Mkwe akayafunika kwa mablanketi ya mwanawe mchanga, huku maneno ya jirani yakipita dirishani.

Kila mara marehemu alikuwa amepima umeme asubuhi, mtaa ungali kimya, na mita ikaonyesha mambo shwari. Safari hii aliiacha mita yake ya kupimia kwenye soketi, akavuta kigoda, akaomba chai. Karakana ya jirani ilipoanza kuchomelea, namba zikapanda, zikaporomoka, zikapanda tena.

"Mwanangu, njoo uone," alimwambia mkwewe. "Kisanduku hakina kosa. Umeme ndio unaokitwanga."

Alizima swichi kubwa, akafungua boksi la umeme ambalo nyumba hizo mbili zilitumia pamoja. Waya wa nyutro, unaorudisha umeme wa nyumba zote mbili, ulikuwa umelegea, ncha yake nyeusi kama mkaa. Jirani akaja kuchungulia.

"Kumbe ni mimi?"

"Si wewe, ndugu yangu, ni skrubu. Lakini shika tochi."

Alikata ncha iliyoungua, akakaza, akafunga kisanduku cha nne pamoja na kinga ya umeme. Kisanduku hicho kinafanya kazi hadi leo. Mayai mengi yalitotoa, na jirani akapita nyumba kwa nyumba, sauti ileile, akilisafisha jina la Fundi Joto.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alifariki tarehe 17 Agosti mwaka huu, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe na wajukuu saba. Mungu amlaze mahali penye utulivu na joto la kutosha.

Siku chache kabla hajatutoka alimwita mkwewe karibu na kitanda.

"Mwanangu, watakwambia uzime mashine kwa heshima ya msiba. Usizime. Mayai hayajui kama nimekufa."