Mguu wa Benchi la Hadjara

Benchi la Hadjara, muuza kahawa, pale njia ya Beni inapoingia Butembo, ni ubao mmoja wenye miguu miwili: huku jiwe, huku obus, bomu la mzinga, ambalo fundi mmoja wa zamani alilizika kichwa chini kisha akahama. Watu walilikalia miaka mingi bila wasiwasi. Asubuhi hiyo mbabula ya Hadjara, jiko lake la makaa, ilikuwa imetoboka, makaa yanadondoka, na kahawa inayomlisha yeye na wanawe ilikuwa vuguvugu. Akamwita Josaphat, fundi wa kuchomelea, akate kile chuma cha obus na kumtengenezea mbabula isiyooza. Josaphat alikwisha kufungua chupa zake za gesi, lakini wateja wawili hawakutaka kunyanyuka kabla ya kumaliza ubishi.

— Josaphat, ngoja kwanza, alisema Mathe, mmoja wao, aliyeitwa Bibliothèque, yaani maktaba, kwa kuwa alichokisahau alikitunga mwenyewe. Hii ni chuma ya histoire. Babu yangu alibeba obus sawa hii ku kichwa mupaka Tabora, wakati ya vita ya Babeleji na Bajerumani.

— Babu yako alibeba kila kitu, alijibu Bilali, dereva wa lori, jina lake la kijiweni Kilomètre. Hii ni ya wakati ya vita ya Mulele. Ndege iliiangusha.

— Obus haiangushwake. Inarushwaka.

— Basi ndege iliirusha.

Hadjara alicheka, akaitazama mbabula yake.

— Bapapa, mumalize. Kahawa inapoa.

— Mama Hadjara, acha nimufundishe huyu, alisema Mathe. Baruti ilianzia ku China, banaipasua ku sikukuu. Kisha Bazungu bakaitia ndani ya kanoni. Kisha mutu moya akatengeneza dynamite ya kupasua mawe ya mine, askari bakaiona, bakasema: leteni huku.

— Na ile bombe ya atomu ya Japon? aliuliza Bilali. Mawe yake ilitoka ku Katanga yetu. Donc hii ni mudogo wake, alibakia njiani. Lori ilikwama ku matope, bakamushusha hapa.

— Katanga na Butembo, wapi na wapi?

— Weye hapana jua transport.

Josaphat alivaa miwani yake nyeusi, akawasha moto. Ulitoka mwembamba, wa bluu.

— Bazee, mutoke. Nakata.

Hapo Emérence, mchuuzi wa samaki aliyeshuka kwenye pikipiki kutoka Kyavinyonge, alitua kikapu akaomba kahawa. Alikitazama kile chuma, kisha akautazama ule moto.

— Samahani, bapapa. Nani alitoa baruti yake?

Mathe alimtazama Bilali. Bilali alimtazama Josaphat.

— Haiko tupu? aliuliza Josaphat.

— Sijue, papa. Njo maana nauliza.

Vita vyote walivijua, lakini hilo hakuna aliyelijua. Hadjara alifikiria asubuhi zote alizomwaga majivu ya moto pale pale. Josaphat alifunga gesi taratibu, moto ukafa. Walisimama mmoja mmoja, kama watu wanaotoka ibadani, wakaacha vikombe vimejaa. Bilali alikwenda kuzuia pikipiki mbali barabarani, Mathe akawapigia simu wategua mabomu.

Walikuja, wakachimba polepole, wakalilaza juu ya mchanga garini waondoke nalo. Mkubwa wao alisema neno moja tu.

— Limejaa.

Hadjara aliwageukia wale wawili.

— Kama mungenyamaza, moto ingekuwa imeingia mu chuma kabla ya huyu mama kufika. Basi, mubishane kila siku.

Kesho yake benchi lilikaa juu ya mawe mawili. Mbabula mpya, ambayo Josaphat aliitengeneza kwa jante, ringi kuukuu ya gurudumu, ilikuwa nyekundu kwa makaa, na kahawa ilichoma ulimi. Emérence alipewa kikombe cha kwanza. Mathe aliinama, akaigonga ile jante kwa kijiko.

— Hii chuma, mukiiangalia muzuri, ni ya vita ya...

— Ni ya lori ya Bilali, alisema Hadjara. Nilimuuliza kwanza. Kunywa, papa, ingali moto.