Tom Kingfisher Hayumo

Mbele ya gereji ya kuziba pancha pale Stilwell, Oklahoma, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi la shule, na wakaaji wake ni wawili: Kindi, aliyepachikwa jina la mnyama anayependa kumwinda, na Meya, ambaye hajawahi kupigiwa kura na mtu. Asubuhi hiyo Lorena Kingfisher alileta tairi akitokea ofisi ya uandikishaji ya Taifa la Cherokee. Akajimiminia kahawa, akakaa.

— Wamesemaje? akauliza Meya.

— Tom, baba yake babu yangu, hayumo kwenye orodha ya Dawes, ile serikali iliyowaandika Wacheroki zamani ili iwagawie ardhi yao. Bila yeye sina kadi ya uraia, na bila kadi binti yangu Tamsin hapati ufadhili wa chuo. Mwisho Ijumaa.

— Na uso wote huo wa Kicheroki?

— Uso hauna namba, mzee.

— Atakuwa kaandikwa kwa jina la shemeji, akasema Kindi.

— Mashemeji wote nimeshawamaliza.

— Basi waliandika kafa.

— Kafa, halafu akazaa watoto sita?

— Wengine hawasikii.

— Tema mate kwenye kichupa, utume maabara wapime asili yako, akasema Meya.

— Taifa halipokei mate.

— Afadhali. Shemeji yangu alitema, wakamwambia ni Mnorwe. Siku hizi theluji ikianguka anatembea kifua wazi.

Lorena hakucheka. Tom alijificha milimani na wenzake waliokataa ardhi ya taifa ikatwe viwanja. Kwao watoto walikuzwa kwa sifa hiyo.

— Lakini waliojificha wengi wamo, akasema Kindi. Jirani alikwenda kimya kimya kwa makamishna wa orodha, akawataja. Jina likaingia, mwenyewe hana habari.

Lorena akainua kichwa.

— Jirani wa Tom alikuwa nani?

— Babu yangu. Walimweka ndani mpaka akakubali kujiandikisha. Lakini jina la Tom hakulitaja. Hata wangemng'oa kucha.

— Una hakika?

— Dada, hilo usiniulize tena.

— Ng'ambo ya kijito alikaa babu yangu mimi, akadakia Meya. Makamishna walimpa nyama na tumbaku. Akala, akavuta, akawaambia kule mlimani wanaishi dubu tu.

Wazee wakagonganisha vikombe. Lorena akaona aibu: alikuwa amekaa pale akiomba apatikane mtu aliyemsaliti Tom.

Tamsin akafika, bado ana aproni ya kukaangia kuku.

— Mama, imekuwaje?

— Tunamtafuta aliyemchongea babu Tom. Hatumpati.

— Hakuna hata mmoja?

— Hakuna, binti, akasema Kindi kwa fahari. Majirani wote walikuwa watu wema.

— Na nyinyi kadi mnazo?

— Tunazo.

— Sasa mimi Ijumaa nipeleke nini?

Kindi akachungulia ndani ya kikombe chake. Meya akageukia gereji, akamuuliza fundi lile tairi litakuwa tayari lini.