Kiti Kwanza, Jina Baadaye: Tunamuaga Dada wa Kliniki

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi wetu wa afya ya akili, ambaye wagonjwa, madaktari na hata wenye maduka ng'ambo ya barabara wanamwita Dada, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kamati ya sherehe imemkabidhi mfamasia kazi ya kuandika wasifu wake, kwa hoja kwamba hakuna aliyebishana naye zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, na mfamasia haoni haya kuikubali.

Jina la Dada lina asili yake. Alikuja hapa msichana ametoka chuoni, sare ikimpwaya mabegani. Katika mwaka wake wa kwanza, mdogo wake wa kiume aliletwa wodini akisikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii. Kila asubuhi kijana yule alimwita "Dada!" kutoka mwisho wa korido, naye akaitika. Wagonjwa wengine waliona kuita hivyo kunaleta mtu upesi kuliko kuita nesi, wakaiga. Haukupita muda, hata daktari mkuu wa wakati ule, mzee wa mvi kichwa kizima, naye akawa anaita Dada bila kujisikia.

Siku zile tiba zetu zilikuwa chache na nzito. Kulikuwa na sindano. Kulikuwa na vidonge vilivyotuliza sauti lakini vikamfanya mtu atembee kama amebeba gunia. Kwa wachache waliozidiwa kabisa kulikuwa na tiba ya umeme, na hiyo ilitolewa hospitali kuu. Kijana alipata sindano, kisha vidonge, na sauti zikapungua. Kilichomrudishia kicheko ni karakana ya useremala nyuma ya jengo, ambako mwalimu wa kazi za mikono alimpa randa na kipande cha ubao. Mfamasia anaomba ieleweke kwamba bila vidonge asingeishika randa. Dada anaomba ieleweke kwamba bila randa asingevimeza vidonge. Ubishi huo umekula chumvi nyingi na mpaka leo haujapata mshindi.

Kijana alirudi nyumbani, akawa anaimba bafuni. Baba yao, kwa mapenzi matupu, alimwona mwanawe amenawiri, anacheka, akamwambia aachane na dawa. Mtu mzima, alisema mzee, hatafuni vidonge kama karanga. Kijana akatii. Miezi michache baadaye sauti zilirudi, na asubuhi moja akatoka nyumbani bila viatu. Alitafutwa vituo vya polisi, hospitalini, sokoni, hadi miji ya jirani. Wazazi wamefariki wakimngoja, na nyumba yao sasa inakaliwa na watu wengine. Mlango pekee anaoujua uliobaki ni wa kliniki hii.

Ndiyo maana Dada hakuondoka. Mara mbili alipewa cheo hospitali kuu, chenye ofisi yake na kiyoyozi chake, na mara mbili akashukuru akakataa. Watu walinong'ona kwamba anaogopa kazi kubwa. Ukweli aliusema mwenyewe kwenye chumba cha chai, huku akisuuza kikombe: mdogo wake akirudi atakuja hapa, maana hapajui pengine. Wahenga wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hilo Dada alitofautiana na wahenga waziwazi, na sisi tulijifunza kutolitaja mbele yake.

Hakumlaumu baba yake hata siku moja. Alisema mzee hakufundishwa, basi wengine wafundishwe. Akaanzisha kikao cha ndugu, ambacho kila familia hukaa kabla ya mgonjwa kurudi nyumbani. Ndugu hupewa nafasi ya kulia na kulalamika, kwa sababu nao wamechoka. Kisha huambiwa kwamba mgonjwa kucheka si ruhusa ya kuacha dawa, na kwamba dawa ikimlemea mtu hurekebishwa na daktari, haitupwi jalalani na shangazi. Wako mashangazi walionuna. Mmoja alinuna vikao viwili vizima, na cha tatu akawa yeye ndiye anayewafokea wenzake.

Alipoletwa mwanasaikolojia, binti wa rika la watoto wake, Dada alivaa miwani akarudi kuwa mwanafunzi. Walimpokea fundi cherehani aliyekuwa anaishiwa pumzi kila akifika penye umati, moyo unamwenda mbio, anaamini anakufa. Hawakumwambia apige moyo konde. Walimfundisha kuyachunguza mawazo yale yanayomtisha, kisha wakatoka naye hatua kwa hatua: wiki ya kwanza getini, nyingine dukani, nyingine kona ya barabara. Siku aliyoingia sokoni peke yake alirudi akilalamikia jua tu, na Dada akalia kwa furaha mbele ya watu.

Lakini ukimtaka Dada halisi, ilikuwa Alhamisi. Tiba ya kikundi hufanyika katika chumba cha mwisho, chenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, feni inayonung'unika na dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Kanuni yake ni moja: mtu akisimama mlangoni, haulizwi yeye ni nani wala kadi yake iko wapi. Anapewa kiti kwanza, jina baadaye. Akibanwa na mtu wa mapokezi kuhusu utaratibu, Dada hujibu kwamba mgonjwa haulizwi uji. Sote tulijua anamwaza nani. Mtu aliyepotea miaka mingi anaweza kuona haya kulitaja jina lake, na akiulizwa kwa ukali atageuka arudi alikotoka.

Kanuni hiyo ilituletea fundi bomba. Alikuja kurekebisha sinki, akachungulia chumbani kuuliza njia, na kabla hajafungua kinywa akawa ameshakalishwa. Zamu yake ilipofika, watu wote wakimtazama kwa upole, alianza kusema kuhusu mama yake aliyemzika bila kupata nafasi ya kumlilia. Alisema, akalia, nao wakalia. Kikao kilipokwisha alifuta uso, akauliza kwa adabu sinki lenyewe liko wapi. Mwanasaikolojia alitaka ardhi ipasuke. Alhamisi iliyofuata fundi alirudi bila mkoba wa vifaa, na tangu siku hiyo maji ya kliniki hayajawahi kukatika kwa sababu ya bomba.

Yuko mama mmoja wa sonona, aliyekuwa hajasema neno kwa vikao kadhaa, ambaye siku moja alimgeukia Dada akauliza kwa nini yeye hana zamu. Dada alijaribu kucheka, akashindwa. Akaeleza kuhusu mdogo wake, kwa sauti ndogo, na kikundi kikamsikiliza kama alivyowafundisha kusikiliza: hakuna aliyempa ushauri, hakuna aliyemwambia asahau. Aliyekaa karibu alimshika mkono. Baadaye Dada alimwambia mfamasia kwamba hiyo ndiyo dawa pekee ambayo dirisha lake halina, na kwa mara ya kwanza mfamasia hakubisha.

Hata hivyo hakupona hamu yake. Mlango wa chumba kile ukilia, hugeuka. Hukatiza sentensi, hugeuka, kisha humwomba radhi aliyekuwa akizungumza. Hajawahi kuzoea, miaka yote hii, na sisi nasi tumeambukizwa. Mlango ukilia tunageuka kliniki nzima, kuanzia mpishi hadi daktari.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba aachiwe Alhamisi. Daktari mkuu wetu wa sasa, ambaye anampenda kama sisi, alilazimika kumweleza kwamba kanuni haziruhusu mstaafu kuendesha tiba. Kikundi kitakuwa mikononi mwa mwanasaikolojia. Dada aliitikia kwa kichwa. Kisha akaja kwenye dirisha la dawa, ambako kwa kawaida huja kudai mtu apunguziwe vidonge. Mfamasia alijiandaa kubisha. Dada hakuja kwa ubishi.

"Akija na mimi sipo," alisema, "msimwambie nimestaafu. Atadhani nimeondoka kabisa, naye ataondoka. Mwambieni nimetoka kidogo, akae."

Mfamasia alisema sawa.

Wenzetu, wasifu wa kila mstaafu hubandikwa kwenye ubao wa mapokezi, mahali ambapo kila anayeingia ataona. Huu hautabandikwa. Utasomwa ukumbini siku ya sherehe, utachapwa kwenye jarida la wafanyakazi, basi. Mlinzi wa getini amekubali. Mtu wa mapokezi amekubali, na amefuta jina la Dada kwenye tangazo la sherehe lililokuwa mlangoni. Fundi bomba, ambaye si mwajiriwa wa mtu hapa, amekubali kabla ya wote. Kwa yeyote atakayeuliza, awe amechakaa vipi, awe ametaja jina au hakutaja, jibu la kliniki hii ni moja: ametoka kidogo, karibu ukae.

Dada, asante kwa wote uliowapa kiti. Tutakukumbuka mpaka tuchoke kukukumbuka, na tukishachoka tutapumzika tuendelee. Pumzika nawe, amka jua likiwa limepanda, na maisha yakutendee wema kama ulivyowatendea watu. Nyumba yako mpya tumeenda kuiangalia na njia tumeshaijua. Akija, mmoja atakaa naye, na mwingine atakimbia kukuita. Mfamasia ameomba akimbie yeye.