Daftari la Bi Azza Lililoamriwa Kutupwa

Bi Azza binti Hilal, karani wa dirisha la dawa katika zahanati yetu ya Ibra, anastaafu Alhamisi tarehe 30 Aprili 2026 baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Tangazo la makao makuu limemmaliza kwa mistari mitatu. Mstari wa pili unasema alikuwa "mhudumu wa kazi za karatasi". Nimeusoma mara nne na kila mara nimekasirika upya. Ndiyo maana nikauomba ukurasa huu wa Kiswahili katika jarida letu, na ndiyo maana hautakuwa wa mistari mitatu.

Bi Azza alizaliwa Unguja, akaletwa hapa Oman ana umri wa miaka minane. Kuandika alijifunza chuoni, chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo hizo bibi yake aliyebaki Unguja alikuwa akimletea barua za Kiswahili. Hadi leo akiandika jambo lake mwenyewe huliandika hivyo: maneno ya Kiswahili, herufi za Kiarabu. Naomba msomaji alishike hili, litatufaa huko mbele.

Aliajiriwa mwaka 1995 kuandika lebo za dawa kwa mkono. Mwaka 2012 zahanati zetu tatu, Ibra, Sur na Nizwa, zilihamia kwenye Linux, ule mfumo huria wa kompyuta ambao msimbo wake uko wazi kwa kila anayetaka kuusoma. Kompyuta zikawa nzuri, printa za lebo zikagoma. Programu ya kuchapishia iliyokuja tayari ilizitoa herufi za Kiarabu moja moja, hazikushikana, na maneno mengine yamegeuka nyuma mbele. Mzee aliyetoka Sinaw kuchukua dawa ya presha angesoma nini hapo? Fundi aliyeitwa alishauri printa zote zitupwe. Kutupa, tutaona, ndiyo elimu yao kubwa.

Bi Azza hakuzitupa. Aligundua kwamba programu ile yaweza kuchukuliwa mbichi, yaani msimbo wenyewe, mtu akaijenga ndani ya kompyuta yake na kuitilia kile ilichokikosa. Siku kumi na moja ilimkatalia. Kila siku ilitoa malalamiko kwa Kiingereza kwamba kitu fulani hakipo, naye akafungua kamusi, akakitafuta, akakiweka, akaanza tena. Waliomcheka aliwaambia mashine haina kiburi, ina njaa tu, tizameni yataka nini muipe. Siku ya kumi na mbili lebo ikatoka herufi zimeshikana.

Kila hatua aliiandika katika daftari la jalada la kijani. Amri za kompyuta aliziandika kama zinavyochapwa, kwa herufi za Kizungu, na maelezo yote kwa Kiswahili chake na maneno ya jikoni: kwanza kukagua mahitaji, kisha kuipika programu, yaani kuijenga, mwisho kuipakua, yaani kuiweka ndani ya kompyuta ianze kazi. Kwa Jumamosi mbili, siku zake za mapumziko, mumewe Bwana Aflah alimwendesha hadi Sur na Nizwa, thermosi ya kahawa katikati yao, akazitengeneza printa za huko pia. Nizwa alisahau kukagua, na printa ikamwaga lebo tupu mpaka mlangoni, Bwana Aflah akawa anazikusanya kwenye kanzu yake ya dishdasha. Tangu siku hiyo ukurasa wa tano una maneno ya wino mwekundu: usipike kabla hujakagua.

Printa hizo zilifanya kazi miaka kumi na tatu. Hakuna barua hata moja ya shukrani iliyofika Ibra.

Mwisho wa Mei mwaka jana, siku ya Alhamisi, Bi Azza alikwenda Hija. Kabla ya safari aliliweka daftari juu ya printa, akamwomba mkuu wa zahanati kompyuta zisiguswe mpaka arudi. Alhamisi ile ile makao makuu wakazigusa. Walizisasisha za zahanati zote tatu kwa mkupuo mmoja, programu yake ikafutwa, na Jumapili asubuhi herufi zikatengana tena.

Jumapili hiyo hiyo Bi Wadha, mama wa miaka sabini na moja kutoka Wadi Bani Khalid, alichukua vidonge vyake vya sukari. Lebo haikusomeka, akakisia, akameza vya siku nzima kwa mara moja. Jumatatu aliletwa anatetemeka, jasho linamtoka, hamjui mwanawe. Alipona, alhamdulillahi. Sisi tuliomshika mikono siku ile hatujasahau, na sioni kwa nini tusahau.

Mtaalamu wa makao makuu akaja Jumatatu mchana. Alilifungua daftari ukurasa wa kwanza tu, akazisoma herufi kwa sauti, asiambulie maana, wala hakuuliza ni lugha ya nani. Katika ripoti yake aliandika kwamba hakuna maelezo yoyote yaliyoachwa na kwamba daftari ni "maandishi yasiyo na maana". Kisha akampa mfanya usafi aliyekuwa akipita na ndoo, akamwambia kwa Kiarabu, "Katupe hii."

Mfanya usafi huyo ni mimi, Kudura. Kwetu Mkoani nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, lakini hilo nalo hakuuliza. Nililifungua daftari karibu na pipa. Mstari wa kwanza umeandikwa taratibu, pamoja na irabu zake, kama tulivyosomeshwa chuoni, nami nikausoma: "Bismillahi. Ewe uliyeachiwa mashine hii, usiogope." Nikarudi nalo mbio. Mtaalamu alinijibu kwamba wafagiaji hawagusi kompyuta, akapanda gari lake kwenda Maskati.

Alibaki Khalaf, fundi wetu wa kompyuta, Mwomani wa Samail asiyejua Kiswahili hata salamu. Kurasa za ndani ziliandikwa kwa haraka, bila irabu, na mwandiko huo ulinishinda. Yeye haukumshinda. Basi Khalaf akawa anasoma kwa sauti asichokielewa, mimi nikisikia na kuelewa nisichoweza kukisoma, nikimweleza kwa Kiarabu changu cha sokoni, naye akichapa. Akisoma "bika", maana Kiarabu hakina p, mimi nasema ni pika, hapa ndipo pa kungoja. Jumanne saa nane mchana lebo ilitoka herufi zimeshikana. Jumatano Khalaf akaenda Sur, Alhamisi Nizwa, nami nikimwongoza kwa simu, ufagio mkono wa pili.

Wiki iliyofuata makao makuu walitangaza kwamba tatizo limetatuliwa na makao makuu. Hivyo ndivyo walivyoandika.

Bi Azza aliporudi alitugawia zamzam na tende, akauliza kwanza habari za Bi Wadha. Tulipomsomea tangazo alicheka sana. Mimi sikucheka, na leo pia sicheki, kwa sababu wiki mbili zilizopita makao makuu hayo hayo yamemwandikia barua kumtaka, kabla hajaondoka, awaandalie mwongozo wa printa. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: mwongozo upo, mlimpa Kudura akautupe.

Jumapili hii aliniita mbele ya mkuu wa zahanati na Khalaf, akanikabidhi daftari la kijani. Alisema, "Kaliweke, mwanangu. Na ukurasa wa mwisho nimekuachia wewe." Mkuu wa zahanati ameandika kwa barua kwamba daftari litakaa juu ya printa, na kwamba mimi na Khalaf ndio wenye kuiangalia mashine.

Bi Azza, shikamoo, na ahsante kwa kila mgonjwa aliyemeza dawa yake kwa kipimo asijue ni nani aliyemwezesha kukisoma. Mungu akupe afya, akujaalie umri wa raha pamoja na Bwana Aflah, na Jumamosi zako sasa ziwe zako. Ule ukurasa wa mwisho nimeshauandika, kwa herufi zako, taratibu, pamoja na irabu zake. Una mstari mmoja tu: "Programu hii ilijengwa na Azza binti Hilal, Ibra."

Kudura, mfanya usafi, zahanati ya Ibra