Nyasi za Mvua za Caritas Nakeno

Wachungaji, wazee, majirani zetu wa Lodwar, na ninyi mlioamka alfajiri kutoka Kakuma, ejok, hamjambo nyote, familia ya Mwalimu Reuben Ethuro inawashukuru kwa kufika, na sasa inawasimulia maisha ya mkewe, Caritas Nakeno, ambaye wengi wenu mlimjua kama yule mama wa kuchuma nyasi kando ya barabara.

Marehemu Caritas alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kalemng'orok, binti wa tatu wa mzee Lokeno na mama Akoru, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akaja Lodwar kwa masomo ya sekondari aliyoyamaliza mwaka 1999, kisha akajiunga na chuo mjini Nakuru na kupata stashahada ya kazi za maabara mwaka 2003. Mwaka 2005 aliajiriwa katika maabara ya malisho hapa Lodwar, na tarehe 9 Agosti 2008 akafunga ndoa kanisani na Mwalimu Reuben, Mungu akawajalia watoto wawili, Atiir na Ekiru, ambao tangu utotoni walikatazwa kugusa chochote kilichoanikwa.

Kazi yake ilikuwa kupima nyuzinyuzi katika mimea, kwa maana mbuzi anaweza kujaza tumbo nyasi ngumu na bado akafa njaa, na kwa miaka mingi alichemsha majani kwa dawa kali kutwa nzima ili apate jibu moja, hadi mwaka 2020 maabara ilipoletewa mashine inayomulika unga wa nyasi kwa mwanga usioonekana kwa macho, kuusoma mwanga unaorudi, na kutoa jibu kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba ilikuwa imefundishwa nyasi za nyanda za juu, hizi zetu ilizikisia tu, ikabidi Caritas aifundishe upya, mmea kwa mmea, akianza na mimea ya kiangazi, maana mvua iligoma na kiangazi ndicho tulichokuwa nacho tele.

Wakati huo ndipo alipojuana na Arek, mama kutoka Sudan Kusini anayefuga kambini Kakuma, aliyemletea furushi la nyasi kavu na kumwuliza, "Mama, mbuzi yangu inashiba na bado inakonda, hii nyasi iko na nini?" Hilo alilijibu siku hiyo hiyo, lakini alipoulizwa nyasi za mvua zikatwe lini ziwekwe akiba, ilimbidi aseme hajui, kwani mashine ilikuwa bado haijafundishwa nyasi hizo, na jambo hilo lilimkaa rohoni, akaapa kwamba mvua ikinyesha atalipatia jibu.

Mvua ilirudi Machi 2023, ikamkuta amelazwa Eldoret kwa saratani ya figo iliyogunduliwa mwezi uliotangulia, akamtuma mumewe akamkatie nyasi kando ya mto Tarach, naye Mwalimu, mtu wa historia, akazishindilia mbichi kwenye gunia siku kadhaa, zikaoza, na Caritas alipolinusa alicheka hadi muuguzi akaja mbio, ingawa baadaye alilia.

Mwaka huu hakuweza tena kusimama, hivyo Arek alizikata nyasi za mvua mwenyewe, akazishusha hapa nyumbani Jumatano tarehe 1 Mei, zikatandazwa kivulini, kitanda cha Caritas kikasogezwa mlangoni, akawa anaelekeza, zigeuzwe, zisirundikane, na Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, saa kumi jioni, akafariki zikiwa bado mbichi. Tumeumia, hatutaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na Lodwar, majirani waliotupikia, mama Arek, na wenzake Caritas wa maabara walioahidi kuzisaga nyasi hizo na kuzimulika. Mwisho tunaomba, zile zilizo kwenye shuka nyuma ya hema si za kukalia, na mwenye mbuzi amfunge, kwani bado hazijakauka.

Pumzika kwa amani, Caritas, nyasi zako tutazigeuza sisi.