Sista Menka, Aliyewauliza Wagonjwa Wetu Tuliyoogopa Kuwauliza

Tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na minane na miezi minne kazini, Sista Menka Trajkova anastaafu kutoka wodi ya upasuaji wa mfumo wa mkojo ya hospitali yetu. Mkurugenzi ameniomba niandike maneno ya furaha kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nitajitahidi. Ila niseme mapema kwamba nina hofu moja: Menka akishaondoka, matokeo ya upasuaji wetu yataanza tena kuwa mazuri mno. Asiyeielewa hofu hiyo avumilie kidogo, nitamweleza.

Alikuja wodini Machi 1986, mwembamba, mtoto wa wakulima wa tumbaku, mfuko wa koti umejaa mbegu za maboga za kukaanga. Wiki ya kwanza tu alimuuliza mkuu wa idara wa siku zile, marehemu Daktari Atanas, kwa nini anampasua mtu shubiri nzima ya tumbo ili atoe tezi inayotosha kwenye kijiko cha supu. Daktari Atanas hakuzoea kuulizwa. Alimpeleka akachemshe vyombo mwezi mzima. Menka anasema ulikuwa mwezi mzuri sana, maana alijifunza jina la kila mkasi na kila koleo, na fundi wa boila alimweleza jinsi mvuke unavyoua vijidudu.

Ndivyo alivyo mpaka leo. Humuuliza yeyote chochote. Askofu alipokuja kubariki chumba kipya cha upasuaji, sisi wote tumesimama wima kama askari, Menka akamuuliza kama lile joho haliwashi mwezi wa Agosti. Tulitamani ardhi itumeze. Kumbe askofu alikuwa akingoja miaka yote mtu amuulize, na alimjibu kwa dakika kumi.

Mwaka 2010 tulipata kamera na vyombo virefu vya kupasulia kwa matundu madogo. Mimi, Gligor Andonov, mwandishi wa maneno haya, nilirudi kutoka mafunzoni Ljubljana nikijiona nimelishika jua kwa mikono miwili. Matundu matano tu, damu kidogo, na mgonjwa wa saratani ya tezi dume aliyekuwa akilala kwetu siku kumi sasa anarudi nyumbani siku ya nne. Ndani ya miaka miwili niliwapasua wanaume sitini na wanne. Kila mmoja aliporudi kliniki nilimuuliza mwenyewe, "Vipi hali?" Naye alijibu, "Nzuri sana, daktari, Mungu akupe maisha," akaweka mezani chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kwa karatasi zangu, baada ya mwaka mmoja, ni watatu tu kati ya hao sitini na wanne waliokuwa wakivuja mkojo. Watatu! Nilijiandikisha kwenda kuyasoma matokeo hayo kwenye mkutano wa madaktari kule Ohrid, Oktoba 2013. Nikashona na suti.

Menka yeye alikuwa akitazama viti. Tulikuwa tumeletewa viti vipya vya kitambaa cha buluu kwenye chumba cha kusubiria, laini, vizuri. Wanawake walivikalia. Wanaume wa figo walivikalia. Wanaume wangu wa tezi dume walisimama, migongo ukutani, nusu saa, saa nzima. Alidhani vidonda vinawauma, lakini vidonda vyenyewe vilikuwa vidogo kama ukucha na vilishapona zamani. Halafu akaona jambo la pili. Ilikuwa Julai, joto linachemsha ubongo, na wote walikuwa wamevaa suruali nyeusi.

Mtu mwingine angewauliza moja kwa moja, na angedanganywa kama nilivyodanganywa mimi. Menka alipiga simu majumbani kwao asubuhi, akazungumza na wake zao, na maswali yake yalikuwa ya ajabu ajabu. Mashine ya kufulia inafanya kazi mara ngapi kwa wiki? Bwana alikwenda lini mara ya mwisho kunywa kahawa mjini? Basi la kwenda kwa wajukuu anapanda? Wanawake walicheka kwanza, kisha wengine wakalia. Na mambo ya chumbani yalitajwa, tena bila haya. Aligundua pia kwamba wanne walikuwa wamekwenda kutibiwa hospitali za miji mingine, mmoja kwa damu iliyoganda mguuni, mmoja kwa ngiri iliyotokea kwenye tundu nililomtoboa, wawili kwa njia ya mkojo iliyobana pale nilipoishona. Hawakurudi kwetu kwa sababu hawakutaka kumwaibisha daktari.

Wanaovuja hawakuwa watatu. Walikuwa kumi na tisa.

Aliniletea orodha hiyo mwezi mmoja kabla ya Ohrid. Nilifura kwa hasira mpaka miwani ikapata ukungu. Nilimwambia, na wodi nzima ilisikia, "Nesi hafanyi utafiti! Nesi anafunga vidonda!" Akanitazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma kipimajoto. "Sawa, daktari. Vidonda nimevifunga. Wenye vidonda je?" Nikamhamishia chumba cha kuchemshia vyombo, kama alivyofanya Daktari Atanas. Sina la kujitetea. Sijawahi kuliandika jambo hili popote, na naona aibu ninapoliandika sasa.

Ili kumkomoa, nilichukua jina la kwanza kwenye orodha yake nikaenda kuhakikisha. Lilikuwa jina la bwana Pande, fundi wa matrekta, kijiji cha pili kutoka mtoni. Nilifika Jumapili adhuhuri bila taarifa. Alinipokea kama mfalme. Ajvar ya pilipili nyekundu za kuchoma ikaja, jibini ikaja, mkate wa moto, rakija ya zabibu zake mwenyewe. Nikamuuliza hali. "Nzuri sana, daktari! Kama kijana wa miaka ishirini!" Alikuwa amesimama muda wote huo, glasi mkononi. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kamba ya nguo, na juu ya kamba nikahesabu suruali nyeusi tisa na mashuka sita, mwezi wa Septemba, nyumba ya watu wawili.

Mke wake, Vaska, alinisindikiza mpaka langoni. Alininong'oneza, "Daktari, usimuulize wewe. Wewe ulimtoa saratani. Akikwambia vibaya, anajiona mtovu wa fadhila. Muulize kwa mdomo wa mtu mwingine." Nikamuuliza ni muda gani hajatoka nyumbani. Akasema tangu Pasaka, na mwezi ujao binti yao anaolewa Strumica, na baba mtu ameshatangaza kwamba ana kazi nyingi, hatakwenda. Niliingia kwenye gari nikakaa bila kuliwasha.

Jumatatu nilimrudisha Menka wodini nikamwambia alikuwa sahihi. Mtu mwingine angeringa japo kidogo. Yeye akauliza, "Uliona nini?" Alitaka nimweleze yote, hata kamba ilifungwa kutoka wapi mpaka wapi. Wiki ile ile alikwenda kwa Pande na mfuko wa pedi za wanaume na karatasi ya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Sijui walizungumza nini jikoni kwa saa mbili. Ninachojua ni kwamba Pande alikwenda Strumica, akacheza raundi tatu, akabadilisha pedi mara mbili, na hakuna aliyejua isipokuwa Vaska.

Ohrid nilisimama na suti yangu mpya nikasoma kumi na tisa kati ya sitini na wanne. Mwenyekiti akakohoa. Nilijua nimejimaliza. Lakini wakati wa chai profesa mmoja mzee alinivuta pembeni, mtu ambaye matokeo yake yalikuwa yaking'aa kuliko ya sisi wote, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani aliwauliza wagonjwa wako?" Nikasema nesi wetu. "Wangu huwa nawauliza mwenyewe," akasema, akaiacha chai yake mezani.

Tangu hapo wodi yetu ina kanuni moja: mpasuaji hamuulizi mgonjwa aliyempasua. Anayeuliza ni Menka, mwezi wa kwanza, wa tatu, na mwaka unapotimia. Kwa kujua wanaovuja ni akina nani, tulianza kuona sababu. Nilibadilisha namna ninavyoshona shingo ya kibofu, nikajifunza kuuacha msuli ambao zamani niliukata bila kufikiri, na Menka akaanza kuwafundisha wanaume yale mazoezi kabla hawajapasuliwa. Pande alipasuliwa mara ya pili, akawekewa utepe wa kushikilia njia ya mkojo, na leo anavaa kijivu. Si wote waliopona. Wanne katika wale kumi na tisa bado wanavuja, na kila mwaka Menka aliwapigia simu ingawa hakuwa na dawa mpya ya kuwaambia. Kati ya wagonjwa sitini na wanne wa mwisho, mpaka tarehe 31 Mei, waliokuwa wakivuja baada ya mwaka ni sita.

Sasa mnaielewa hofu yangu. Nafasi ya Menka haijatangazwa, na mkurugenzi anasema itachukua muda. Mpaka hapo wagonjwa nitawauliza mimi. Nitaambiwa nzuri sana, daktari. Wale sita watakuwa wawili, kisha hakuna, na wanaume watarudi kusimama ukutani.

Sista Menka, hapa nageuka kukuambia wewe, maana hujui ilivyokuwa. Jumanne ya pili ya mwezi huu ulikuwa unamalizia likizo yako, unapalilia nyanya. Alikuja bwana Dimko, mstaafu wa posta, ametimiza mwaka tangu nimpasue. Nikamuuliza hali, na tayari nilikuwa nimeshika kalamu kuandika "nzuri". Akaitazama kofia yake. Akasema, "Si nzuri, daktari. Bado navuja, mwaka mzima sasa. Mke wangu amechoka kufua, na mimi nimechoka kujificha."

Jamani, nilifurahi mpaka nikaona haya. Mtu ananieleza mateso yake nami natamani kumkumbatia! Nilimuuliza kwa nini ameniambia, wakati wenzake wote hawathubutu. Akajibu, "Sista alinipigia simu kabla hajaenda likizo. Nilitaka kumwambia yeye, akanikatiza. Akasema, 'Usiniambie mimi, mwambie daktari. Anataka sana kujua, ila anaogopa kuuliza.'"

Umewapigia wangapi, Menka? Usinijibu, naanza kuwahesabu mwenyewe.

Asante kwa miaka yote thelathini na minane, na kwa zile wiki chache nilizokudhulumu na hukuninunia hata siku moja. Wodi nzima inakuombea afya, miguu isiyochoka, wajukuu wasumbufu wanaouliza maswali, na siku nyingi za raha nyumbani kwako. Si sita tena, Sista. Dimko ni wa saba, na nimemwandika kwa mkono wangu.