Saa Yenye Madoa ya Anselme Courtavel

Wapendwa mliotoka karakana zote za mtaa wa Temple kuja kumsindikiza marehemu, mimi Honoré Bramard, shemeji yake, ndiye niliyepewa kuiandika karatasi hii, nami nitaisoma kama ilivyo.

Anselme Courtavel alizaliwa hapa Paris tarehe 11 Novemba 1789, akasoma shule ya parokia kwa miaka miwili, na mwaka 1803 akaanza kujifunza kazi ya kupaka shaba dhahabu kwa zebaki, akaifanya miaka arobaini, na zile saa zenye umbo la kanisa kuu, zenye minara iliyochongoka na dirisha la duara lililouzunguka uso wa saa, mabwana waliziweka juu ya meko zao wakidhani zimeng'aa zenyewe.

Tarehe 14 Mei 1814 alifunga ndoa na dada yangu Zélie, wakajaliwa watoto watatu, na aliyebaki ni Léonie. Zélie alisugua shaba kando ya moto wa mumewe, naye Anselme, kama wenzake wengi, aliziba kwa bamba dohani ya kutolea mvuke wa zebaki wenye sumu, kwa kuwa upepo hupooza moto na dhahabu hutoka na madoa. Siku moja ya mwaka 1829 dada alimwambia, "Baba Léonie, toa hilo bamba, kifua kinanibana," naye akalitoa, saa ikatoka na madoa, mfanyabiashara akaikataa, na kesho yake bamba likarudi mahali pake. Saa ile wakaiweka nyumbani.

Zélie alifariki tarehe 2 Februari 1834, mikono ikimtetemeka hata kijiko hakikai. Anselme aliisimamisha saa, kama tufanyavyo mtu anapofia nyumbani, lakini baada ya mazishi hakuitia ufunguo tena, na bamba alilitoa siku hiyohiyo, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Nilimlaumu kwa maneno makali, na leo najuta, kwa kuwa mimi pia nilikuwa nikiingia karakana ile, nikikohoa na kunyamaza.

Mwaka 1841 naye alianza kutetemeka, na akatutoka tarehe 19 Oktoba 1846. Familia inamshukuru daktari, majirani waliomlisha supu, na mafundi wenzake, ambao nawaomba mkirudi kazini mzitazame dohani zenu.

Tukitoka makaburini Léonie ataitia saa ile ufunguo, na madoa hatayasugua, kwa kuwa ni ya siku ile moja ambayo baba yake alimsikiliza mama yake. Pumzika kwa amani, shemeji, na ukimkuta Zélie, tuombee msamaha sisi wawili.